Mama wa mtoto aliyemeza ushanga

Juma hili tunawarudishia hadithi ambayo wengi wenu mnaijua tangu utoto, zaidi ninyi mliotoka Mahagi. Ni ya ndugu wawili, Gipir na Labongo. Waalur huwaita pia Nyipir na Nyabongo, na kuna vijiji ambako majina hubadilishana nafasi. Tusigombane kwa hilo.

Tembo aliingia shambani. Gipir akashika mkuki wa kwanza aliouona, akautupa, tembo akakimbia porini na mkuki mwilini. Kumbe mkuki ulikuwa wa Labongo. Gipir akaomba alipe mwingine, Labongo akakataa: anataka ule ule. Basi Gipir akafunga chakula, akaenda peke yake mpaka nchi ya tembo. Huko alikuta bibi mzee aliyemhifadhi, akamrudishia mkuki, na wakati wa kuagana akampa shanga nzuri. Akafika nyumbani mzima.

Hadithi ingeishia hapo tungepiga makofi. Lakini siku moja mtoto mdogo wa Labongo akameza ushanga mmoja. Gipir naye akasema anataka ule ule. Mtoto akapasuliwa tumbo. Ndugu wakaachana karibu na Mto Nile, upande wa Pakwach, mahali panapoitwa Wang Lei, wakazika shoka. Mmoja akabaki mashariki, mwingine akavuka magharibi, na huko ndiko Waalur wa kwetu wanahesabu asili yao.

Tulipokuwa tunasoma ISP hapa Bunia, tulijifunza kugawa safari ya shujaa kwa sehemu tatu: kuondoka, kujaribiwa, kurudi. Mmarekani Joseph Campbell aliandika kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1949. Tukaingia darasani na ule mgawanyo, tukawauliza watoto shujaa ni nani, wakajibu Gipir, tukaandika ubaoni, tukafuta, tukaenda kwenye hesabu. Miaka ilipita hivyo. Mpaka siku moja msichana wa darasa la tano akanyosha kidole: « Madamu, mama ya ule mtoto alisema nini? »

Hatukuwa na jibu. Katika hadithi jinsi tulivyoipokea, mama hasemi kitu.

Swali hilo tulilileta kwenye kikundi chetu, siku ya posho, baada ya kuhesabu pesa ya likelemba. Mama mmoja, mzee kati yetu, hakufikiri hata kidogo. Akasema: « Ningewaambia wangoje siku mbili tu. » Tulicheka mpaka machozi. Kila aliyelea mtoto anajua kwamba ushanga uliomezwa leo, kesho kutwa unauokota mwenyewe na kuuosha. Halafu kicheko kikakatika. Siku mbili! Watu walitengana na mtoto akafa kwa kukosa siku mbili, na katika lupango lote ni mama peke yake aliyejua, na hakuulizwa.

Tangu hapo tunaitazama safari ya shujaa kwa namna nyingine. Gipir alishinda njaa, pori na tembo. Kurudi ndiko kulimshinda. Mguu ulifika, hasira ikabaki njiani ikimngoja.

Linganisheni na Mwindo wa Wanyanga, huko Walikale. Hadithi yake ndefu ilisimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956, kwa siku 12, akiimba na kucheza. Daniel Biebuyck aliikusanya, na pamoja na Mkongo mwenzetu Kahombo Mateene wakaitoa kitabu mwaka 1969. Baba yake Mwindo hakutaka mtoto mwanaume, akajaribu kumwua. Mwindo alimfuata baba huyo mpaka chini ya ardhi, na nguvu za kumwua alikuwa nazo. Lakini alipotelemka, shangazi yake Iyangura alibaki juu ameshika mwisho wa kamba. Mwindo alimrudisha baba yake akiwa hai, wakagawana utawala. Sisi tunaona kamba ile ni kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Sasa, wamama, safari zetu wenyewe. Sisi mwaka 2003 tulikuwa watoto, tulikimbia Bunia kwa miguu tukielekea Beni. Wengine wenu mmetoka Djugu tangu vita viliporudi mwisho wa 2017, na mpaka leo mnalala chini ya shiti pale Kigonze. Kila mmoja ana safari. Shida ni jinsi tunavyoisimulia nyumbani jioni: tunaanza na kabila, tunaendelea na kabila, tunamaliza na kabila, na watoto wako pale karibu na moto, wanasikia.

Mama mmoja wa kikundi alituambia kwamba mtoto wake wa miaka tisa anasimulia kukimbia kwao vizuri kuliko yeye, na mwisho wake ni huu: « Nikikomaa nitawarudia. » Alipolisema, hakuna aliyejibu.

Akataka kujifunza kusimulia upya. Tulimsaidia siku nne za posho. Hatukumwambia afiche. Kaka yake aliuawa, na katika hadithi anauawa. Tulimwomba tu aanze na kile alichobeba mkononi (ilikuwa kifuniko cha sufuria, bila sufuria, na hapo yeye mwenyewe alicheka), halafu ataje kila mtu aliyemsaidia njiani. Maana hakuna shujaa asiye na bibi mzee wa njiani. Siku ya tatu alikwama. Akalia, tukamwacha alie. Kisha akasema kuna mama aliyewafungulia mlango usiku, akawaficha jikoni na watoto mpaka asubuhi. Alikuwa wa upande wa pili. Kwa miaka yote alikuwa anamruka.

Juma lililopita aliisimulia nyumbani, yote. Mtoto akauliza yule mama ni wa kabila gani. Akamwambia. Mtoto akanyamaza muda mrefu, akichezea majivu kwa kijiti, kisha akauliza kama yuko hai bado.

Mama hajui. Ametuma mtu aulize kule.

Siku ya posho ijayo tunaendelea, saa nane ya mchana. Kila mmoja aje na mkeka wake, na afikirie tangu sasa: mkononi alibeba nini?