Mtu mzima asiachwe asome peke yake

Mtu mzima akiacha masomo aliyoyaanza, lawama zote humwangukia yeye: mvivu, hana nia, kakata tamaa mapema. Tunamwonea. Hamu ya kujifunza ukubwani haidumu kwa moyo wa mtu peke yake. Hudumu pale anapokuwa na wenzake wa kusoma nao, na anachojifunza leo akakitumia kesho. Historia ya Tanzania inalithibitisha hilo. Mwalimu Nyerere alipoutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986, kwa takwimu za serikali, walikuwa wamebaki kama mmoja katika kila kumi. Vitabu vya kisomo vya Kanda ya Ziwa vilihusu pamba, migomba na uvuvi, hivyo mkulima alizijua herufi kupitia shamba lake mwenyewe. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, wanakijiji walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasomewa kijitabu kwa sauti, wakajadili malaria na kuhara, kisha wakakubaliana la kufanya: kufyeka nyasi, kufukia madimbwi, kuchimba vyoo. Somo la jioni lilionekana uani kabla ya wiki kwisha, na jambo hilo lilimrudisha mtu kikaoni kuliko hotuba yoyote.

Wapo watakaosema samaki mkunje angali mbichi, kwamba akili iliyokomaa haishiki tena. Ni kweli mtu mzima huenda polepole katika kukariri, lakini ana mtaji ambao mtoto hana: anajua kwa nini anasoma. Wengine watamtaja mzee Kimani Maruge wa Kenya, aliyeingia darasa la kwanza mjini Eldoret mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84, kama ushahidi kwamba nia inatosha. Nia yake ni ya kuheshimiwa, lakini aliingia shuleni baada ya serikali kufuta ada za shule za msingi mwaka 2003. Nia alikuwa nayo; mlango ulipofunguliwa ndipo ikazaa matunda. Upande wa pili, Tanzania ilipobanwa na hali ngumu ya uchumi na madarasa ya kisomo yakafifia, ujinga ulianza kurudi, ingawa watu walikuwa wale wale.

Hoja nzito zaidi ni ya muda: mama lishe aliyeamka alfajiri kuwasha moto atasoma saa ngapi? Ndiyo maana si busara kumtaka atafute darasa. Darasa limfuate alipo. Vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA hukutana kila wiki, sanduku la kufuli tatu likafunguliwa mbele ya wote, hisa zikahesabiwa na kuandikwa katika daftari. Hapo tayari kuna hesabu, kusoma, kuaminiana na sababu ya kurudi wiki ijayo. Halmashauri zikipeleka hapo mwezeshaji wa nusu saa, afundishe kukokotoa riba, kusoma mkataba wa mkopo au kutunza kumbukumbu za biashara, wanachama watarudi bila kubembelezwa. Maofisa elimu ya watu wazima wapo katika wilaya zetu. Wapewe nauli na vitabu, waanzie kwenye vikundi hivyo.