Sanduku la Bati Limeshawajibu

Kila msimu wa mashindano ya roboti kilio ni kimoja: ati fremu zetu zinalegea kwa sababu hatuna pesa za kuagiza ng'ambo vipande vya alumini vilivyotobolewa tayari. Mimi nakataa.

Tuanze na hesabu. Sentimita moja ya ujazo ya alumini ina gramu 2.7, ya chuma cha kawaida, karibu 7.8. Wengi huishia hapo, wanaandika "alumini" kwenye ripoti na kwenda zao. Lakini chuma nacho ni kigumu kupinda karibu mara 3 kuliko alumini. Gawanya ugumu kwa uzito, utaona vinakaribia kutoshana. Ndiyo, kwa uzito uleule alumini inakupa ukuta mnene zaidi, usiobonyea haraka. Hiyo faida siikatai. Ila kinachobeba roboti hasa ni umbo. Chukua tyubu, ipasue kwa grainda kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, halafu jaribu kuisokota. Metali ni ileile, nguvu imeenda wapi?

Sasa angalia lile sanduku la bati la kwenda bodingi. Bati lake halifiki hata milimita moja, ukilishika bapa linayumba kama karatasi. Fundi wa Kamukunji analikunja kingo, analipiga mistari ubavuni, na linakalia miaka minne ya vitabu, kurushwa juu ya basi na makalio ya bweni zima. Hiyo ni fremu. Kila mwanafunzi aliyeburuta sanduku hilo ameburuta somo zima la uhandisi, kisha anafika chuo na kuambiwa suluhisho liko kwenye katalogi.

Na viungo je? Alumini ngumu ukiichomelea hulainika pale palipopata moto, kwa hivyo heri riveti na bolti, na kibati cha pembetatu kwenye kona. Pasipeksi inang'aa vizuri kwenye picha lakini hupasuka kwenye tundu la bolti. Hayo fundi anayajua kwa mikono yake. Lakini akishatukunjia bati, ripoti inamwita "msaada wa nje", jina hakuna, na cheti wanapewa waliobeba laptopu.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, so mtasema nina uchungu. Sawa. Uchungu haubadilishi ugumu wa chuma. Tukiendelea kusema fremu nzuri lazima ipitie forodha, timu ya shule isiyo na mfadhili tumeshaifungia mlango kabla ya mota kuwashwa.

Kama sheria za shindano zinalazimisha vipande vya kampuni fulani, fuata sheria. Kama hazilazimishi, beba mchoro wako uende Kamukunji, uliza pa kukunja, lipa bei ya haki. Halafu andika jina la fundi kwenye ripoti, kwenye orodha ya mainjinia.