Kromu ya kopo haichukui nafasi ya dawa ya sukari

Siku hizi, kwenye bisi zinazotupeleka kazini na kwenye masoko ya miji yetu, watu wanauzishana komprime za kromu. Muuzaji anasema: meza hizi, sukari itashuka, utaachana na dawa za munganga. Wenzetu wengi wanatuuliza sisi wa sindika kama ni kweli.

Si uongo wote. Kromu ni metali, na mwili unapata kidogo sana katika chakula. Insulini njo inafungulia sukari njia itoke ndani ya damu iingie mwilini, na kromu ilionekana kama inaisaidia. Miaka ya 1970 kulikuwa wagonjwa wa hospitali waliolishwa kwa mushipa muda mrefu, bila kromu, sukari yao ikapanda. Walipopewa kromu ikashuka. Lakini wale waliishi kwa serumu tu. Wewe unakula bukari, sombe na samaki, hali yako si yao.

Kisha, mwaka 1997, wagonjwa wa sukari 180 wa China walijaribiwa miezi 4. Waliopewa mikrogramu 1000 kila siku walipata nafuu ya kuonekana. Muuzaji anakusimulia ile ya China, anaishia hapo. Hakusimulii kama baadaye, kule Uholanzi, wagonjwa walipewa kromu na sukari yao haikubadilika. Mwaka 2005 ofisi ya dawa na chakula ya Marekani ilisema faida hiyo ina mashaka makubwa. Mwaka 2014 wataalamu wa chakula wa Ulaya walisema hawakuona hata ushahidi kama mutu muzima mwenye afya anafaidika na kromu. Kwa sasa waganga wa sukari hawaipendekeze.

Tena wenzetu wanaosudea inox wasichanganye. Moshi ule una kromu ya aina ingine, inaleta kansa ya mapafu. Ya komprime si ile. Maske ni lazima.

Hatari kubwa tunaiona hapa: mutu anaacha metformini ao insulini juu ya kopo. Sukari inapanda polepole, haumii, mpaka macho, figo na miguu vinaharibika. Mwingine anachanganya kromu na insulini bila kumwambia munganga, na sukari inaweza kushuka kupita kiasi: jasho, kutetemeka, kichwa kuzunguka. Fikiri hiyo inamukuta dereva wa kamyo kubwa ndani ya mugodi, saa tisa ya usiku.

Na juu ya nini mufanyakazi ananunua kwa kujificha? Tuseme wazi: anaogopa. Anajua munganga wa kampuni akiona sukari, ataandikiwa kama hafai tena kwa kazi ile, na kontra itakwisha. Afazali kopo kuliko kupoteza mushahara, na posti za usiku zenyewe zinaongeza hatari ya ugonjwa huu. Tunamuelewa. Mufanyabiashara wa kopo naye anamuelewa, njo maana anauzia karibu na mugodi.

Lakini sheria ya kazi ya mwaka 2002 inasema muajiri anapashwa kumutunza mufanyakazi na jamaa yake wakati wa ugonjwa, mpaka mwisho wa kontra. Metformini ni dawa ya zamani, bei yake ni ndogo. Kwenye sous-traitance njo kuna shida: mutu anafanya kazi ileile, lakini karatasi ya matunzo haipati, ao bibi na watoto hawaandikwe.

Kwa hiyo, kwenye meza ya mazungumzo tunapeleka mambo matatu: kipimo cha sukari kila mwaka kwa wote, hata wa sous-traitance, dawa itoke ku dispansere ya kampuni, na mwenye kuonekana na sukari abadilishiwe posti, atoke usiku aingie muchana, bila kukatwa mushahara. Mwenye kopo nyumbani asiitupe kwa haya, ailete kwa munganga aone ni nini anakunywa. Dawa ya munganga isiachwe hata siku moja.