Kijana Naye Aulizwe Kabla ya Sindano

Wandugu wa Kolwezi, wa Fungurume, wa Kasaji,

Sisi hatupingi chanjo. Surua ya 2019 na 2020 iliua watu zaidi ya 6.000 katika Kongo yetu, wengi wao watoto wadogo. Anayesema chanjo ni sumu ya wazungu, aende kusema vile mbele ya mama zao.

Lakini tunakataa hii desturi ya mzazi kujua mambo kwa wino kwenye kidole cha mtoto. Barua iko wapi? Na ikifika, ni Kifaransa tupu! Mama anayeuza makala pale Manika atasomewa na nani? Kisha uvumi unaingia, na wakubwa wanashangaa. Mnakumbuka Aprili 2020: Profesa Muyembe alisema nchi iko tayari kwa majaribio ya chanjo ya korona, watu wakawaka, ikabidi aeleze upya. Maelezo yakikuja nyuma, hayashiki.

Na kijana mwenyewe? Sheria 09/001 ya 10 Januari 2009, kifungu cha 7, inampa mtoto mwenye kupambanua mambo haki ya kutoa maoni kwa kila jambo linalomhusu. Hapa kwetu mtoto wa miaka 14 akibeba gunia la kobalti, anaonekana mkubwa. Mbele ya sindano ndio anakuwa mdogo?

Tunadai: karatasi ya Kiswahili siku 7 kabla, muganga akutane na wazazi kwenye masomo, kijana aulizwe. Na baba akikataa lakini binti anataka, muganga awasikilize wote wawili, asifunge tu daftari.