Mwacheni taiti endi alipo!

Kimya kimekuwa kirefu, najua. Mitihani ya katikati ya muhula imenikaba na zamu zangu za maktaba nazo zimeongezwa. Ila leo nimeshindwa kunyamaza. Hapa chuoni kila meza ya kantini inazungumza jambo moja, na karibu wote wanalizungumza vibaya: kocha wa timu yetu ya futiboli anataka kumtoa taiti endi wetu kwenye nafasi yake na kumfanya waidi risiva. Watu wanashangilia. Eti dogo kapandishwa cheo. Kapandishwa cheo wapi jamani?

Kwa ninyi mlioko nyumbani ambao futiboli ya Wamarekani mnaiona ni watu wenye kofia ngumu wanaogombania yai, nivumilieni kidogo. Kila upande una watu 11. Mbele ya kwotabeki, yule mrusha pasi, kuna mapande matano ya watu, kilo 130 na kuendelea kila mmoja. Kazi yao ni kuzuia na kusukuma, pasi ya mbele haiwahusu. Mbali kabisa, karibu na chaki, wanasimama mawaidi risiva: wepesi, wenye mbio, kazi yao kukimbia na kudaka. Sasa taiti endi ni mtu wa katikati ya hizo dunia mbili. Anasimama begani kwa pande la mwisho, mkubwa wa kutosha kugongana na mabeki wa kilo 120, mwepesi wa kutosha kuchomoka na kudaka pasi. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikuwa namwita utingo. Mnamjua utingo wa basi la mkoani: anapakia mizigo, anaita abiria, na gari likikwama yeye ndiye anashuka kusukuma.

Thamani ya huyu mtu haipo kwenye mbio zake peke yake, wala kwenye mikono yake. Ipo kwenye swali analomtwisha adui. Kabla ya kila mpira kuanza, timu inayolinda inaangalia nani kaingia uwanjani ili nayo ichague watu wake. Wakimuona taiti endi, wanakuna kichwa: hawa wanakimbiza mpira au wanarusha? Wakiingiza lainibeka, yale majitu yanayogonga kama lori, dogo anachomoka na kuyaacha yanahema. Wakiingiza mabeki wadogo wenye mbio, mpira anapewa mkimbiaji na dogo anamsomba yule mdogo kama godoro. Wachague lolote, kuna mahali panavuja.

Sasa mvue hilo jina. Mpunguze uzito. Msogeze hadi kwenye chaki. Swali limekwisha! Wanamletea konabeki, mtu ambaye tangu sekondari kazi yake ni moja tu, kukimbia sambamba na watu wenye mbio kuliko dogo wetu. Hapo kocha amemsaidia nani? Amemsaidia kocha wa upande wa pili, asubuhi na mapema, bila hata kuombwa.

Msidhani natunga. Mchukueni Devin Funchess wa Michigan, mtu wa kama mita 1.93 na kilo 105. Mwaka 2013 alianza msimu akiwa taiti endi, katikati ya msimu wakaanza kumsimamisha pembeni. Alidaka pasi 49, yadi 748, tachidauni 6, na mwisho wa msimu ligi ya Big Ten ikampa tuzo ya taiti endi bora wa mwaka. Ona hapo: anasimama pembeni, lakini karatasini bado ni taiti endi. Mwaka 2014 wakamaliza kabisa. Wakamwita waidi risiva, wakampa jezi namba 1, ambayo pale Michigan ni jezi ya marisiva wakubwa. Matokeo? Pasi 62, yadi 733, tachidauni 4. Alidaka pasi 13 zaidi, akapata yadi 15 pungufu. Kila pasi ilishuka kutoka yadi 15 na kitu hadi chini ya 12. Sisemi jina la nafasi peke yake ndilo lililomponza, maana timu nzima ilikuwa hoi mwaka ule: ilishinda 5, ikapoteza 7, na kocha Brady Hoke akafukuzwa. Lakini hebu tulia hapo kwa kocha kufukuzwa. Nitarudi.

Mwanzoni mwa 2015 Funchess alienda kwenye vipimo vya NFL kule Indianapolis. Yadi 40 akazikimbia kwa sekunde 4.70. Kwa taiti endi hiyo ni mbio safi. Kwa waidi risiva ni mtu aliyebeba gunia. Carolina Panthers wakamchukua akiwa wa 41. Hakulala njaa, tuseme ukweli: mwaka 2017 alipata yadi 840 na tachidauni 8. Lakini mnajua mwaka 2022 alipokwenda kambi ya Detroit Lions walimweka wapi? Taiti endi! Akaachwa kabla msimu haujaanza. Miaka minane ya kuzunguka, halafu anarudishwa pale pale alipotolewa na kocha wa chuo.

Wanaonipinga wana hoja moja nzito na siwezi kuipita pembeni. Pesa. Mshikaji wangu wa bwenini alinirushia usoni kisa cha Jimmy Graham, na ni kisa cha kweli. Kule NFL timu inaweza kumzuia mchezaji aliyemaliza mkataba kwa mwaka mmoja zaidi, na malipo yake yanapangwa kwa nafasi anayocheza. Mwaka 2014 New Orleans Saints walimzuia Graham kama taiti endi, dola milioni 7.05. Yeye akasema hapana, mimi muda mwingi nasimama mbali na mapande kama risiva, nipeni milioni 12.3. Kesi ikaenda kwa msuluhishi, Stephen Burbank, naye akaamua: wewe ni taiti endi. Hata wasifu wake wa Twitter ulitajwa, maana mwenyewe alijiandika taiti endi! (Vijana, chungeni mnayoandika mtandaoni.) Na pengo halikuzibika. Mwaka 2024 kiwango hicho kilikuwa milioni 21.8 kwa risiva na 12.7 kwa taiti endi.

Kwa hiyo mshikaji akaniuliza, "Sasa kaka, wewe unataka dogo abaki maskini?"

Hapana. Ila hizo milioni 21.8 hazilipwi kwa jina. Wanalipwa wanaoweza kumshinda konabeki kila Jumapili. Dogo akienda pembeni akawa risiva wa kawaida, anapangwa foleni moja na marisiva wa kawaida wengine lukuki, tena wepesi kuliko yeye. Akibaki taiti endi anayedaka kama risiva, watu wa namna hiyo ni wa kutafuta kwa tochi. Kyle Pitts wa Florida, msimu wa 2020, walimzungusha kila kona ya uwanja, pembeni, katikati, begani kwa mapande, lakini hawakumbadilisha nafasi. Mechi 8, yadi 770, tachidauni 12. Mwaka 2021 Atlanta Falcons wakamchukua akiwa wa 4, na kabla yake hapakuwahi kuchukuliwa taiti endi juu namna hiyo. Brock Bowers wa Georgia naye alibaki taiti endi, akaenda Las Vegas Raiders, na mwaka 2024 akadaka pasi 112, akavunja rekodi ya wachezaji wa mwaka wa kwanza wa nafasi zote, marisiva wakiwemo! Na Darren Waller alipita njia ya kinyume: Georgia Tech alikuwa risiva, NFL wakamgeuza taiti endi, na mwaka 2019 na 2020 akapita yadi 1,000 zote mbili. Basi mnisimulie tena habari za kupandishwa cheo.

Najua wapenzi wa soka mnataka kunitajia Gareth Bale, beki wa kushoto aliyesogezwa mbele akawa moto wa kuotea mbali. Sawa. Lakini Bale aliposogea, mtu wa kumpita alikuwa yule yule beki wa kulia wa adui, tena sasa akiwa na uwanja mkubwa mbele yake. Dogo wetu anabadilishiwa adui mzima. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Sasa nirudi kwa kocha. Huyu wetu kwa nini anafanya hivi? Kwa sababu marisiva wake wawili wamehamia vyuo vingine na ana tundu la kuziba. Basi. Hakuna falsafa yoyote hapo. Taiti endi wetu nasoma naye takwimu, tunakaa safu moja. Ameambiwa apunguze kilo tisa kabla ya Agosti. Nilimuuliza, we mwenyewe unataka? Akainua mabega: "Kocha ndo kocha." Miaka miwili dogo huyu amekula mara tano kwa siku na kubeba vyuma ili afikishe uzito wanaoutaka wao, leo anaambiwa autoe. Na kama kocha akifukuzwa Desemba, maana hapa makocha wanafukuzwa kama makonda, mwingine atakuja na kumwambia aongeze tena. Mwili wa mtu si mkoba wa kujaza na kupakua.

"Kama hataki si ahame?" Ndiyo, tangu 2021 wachezaji wanaweza kuhama bila kukaa benchi mwaka mzima. Ahame kama nani? Video atakazoonyesha kwingine ni za risiva mzito anayebanwa na konabeki.

Na siku hizi suala ni mkate wa leo, siyo NFL ya kesho. Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, na kikomo cha mwaka wa kwanza kiliwekwa dola milioni 20.5 kwa chuo. Nafasi unayocheza inagusa unacholipwa hapa hapa kampasi. Hivyo mimi nasema kocha akitaka kumhamisha mtu, aandike: malipo hayatashuka, udhamini wa masomo hautaguswa, uzito utasimamiwa na daktari wala siyo na mzani wa chumba cha mazoezi, na mchezaji mwenyewe asaini au akatae bila kuadhibiwa. Mtaniambia wachezaji hawana sauti. Tuzo ya taiti endi bora wa vyuo inaitwa tuzo ya John Mackey. Huyo Mackey alikuwa taiti endi wa Baltimore Colts, akawa rais wa chama cha wachezaji, akaishtaki NFL kwa sheria iliyowabana wachezaji wasihame, na mwaka 1976 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye. Utingo aliyewasimamisha wenye basi!

Mwezi ujao kuna mechi ya wazi ya mazoezi, kiingilio bure. Nitakuwepo. Dogo akisimama pembeni kwenye chaki nitazomea mpaka sauti ikauke, na yeye ameshajua kwamba simzomei yeye.

Nimetoka, ripoti ya takwimu inanisubiri.