Matamanio ya Nani Yanasimuliwa?

Kila inapozuka riwaya ya mapenzi yenye ngono na maumivu ndani yake, wanaotaka ifungiwe huhesabu kurasa za uchi, na wanaoitetea hutaja uhuru wa mwandishi. Naona pande zote mbili zinaliruka swali zito zaidi: matamanio yanayosimuliwa ni ya nani, na nani kanyimwa nafasi ya kusema yake?

Leopold von Sacher-Masoch, mzaliwa wa Lemberg, mji ambao leo ni Lviv nchini Ukraine, alichapisha riwaya ya Venus im Pelz mwaka 1870, na swali hilo limo ndani yake. Severin anampenda Wanda, mjane kijana, na anamsihi amfanye mtumwa wake: avae manyoya, ashike mjeledi, wawekeane mkataba. Wanda anasitasita. Moyo wake unataka mwanamume mwenye nguvu kumshinda, wa kumstahi. Anamwonya Severin kwamba mchezo huo unaweza kumharibu hata yeye anayechapa, kisha anakubali kwa kuwa anampenda. Wanapokwenda Florence, Severin anapanda behewa la daraja la tatu kama mtumishi. Mwishoni Wanda anapata mwanamume wa aina aliyoitamani, na mjeledi unahamia mikononi mwa huyo.

Wasomaji wengi humhurumia Severin. Lakini aliyebuni mavazi, adhabu na utumwa wenyewe ni yeye. Wanda anaamuru yale aliyoombwa aamuru, na upendo wake ndio uliotumiwa kumfikisha hapo. Wawili hawa wanapendana kweli, ila anachokihitaji mmoja kinamchosha mwenzake, na hakuna mkataba unaoweza kuziba pengo hilo.

Sacher-Masoch aliyaishi aliyoyaandika. Mwaka 1869 alikuwa ametia saini mkataba wa utumwa wa miezi sita na mpenzi wake, Fanny Pistor. Mwaka 1873 alimwoa Aurora Rümelin, aliyejiita Wanda kama yule wa riwayani. Katika kumbukumbu zake za 1906, Sacher-Masoch akiwa ameshafariki, Aurora alieleza jinsi alivyosukumwa kumchapa na kutafuta mwanamume mwingine, mambo ambayo yeye hakuyatamani. Wapo wanaoutilia shaka ushahidi wake. Mimi nauchukulia kwa uzito, maana ndiyo sauti iliyokosekana miaka yote riwaya ilipokuwa ikisifiwa.

Kufungia vitabu hakurudishi sauti kama hiyo. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni Tanzania kwa sababu ya ngono, ilhali ni riwaya inayomfuata binti hatua kwa hatua: fimbo za baba, wanaume waliomtumia, mchumba aliyemwacha alipogundua si bikira, hadi akajiua. Waliouhesabu uchi wake waliuacha uchungu wake.

Kwa hiyo wahariri wanaopokea miswada ya mahaba makali, na waandishi wanaouza hadithi zao kwa vipande kwenye simu, wawaandikie watu wazima na waseme hivyo waziwazi jaladani. Maumivu yabaki, hata yanayotisha. Ila mhusika anayesema hataki, au anayekubali huku moyo umesita, apewe kurasa za kutosha tumsikie. Muswada unaomgeuza kitanda cha ndoto za mwenzake urudishwe kwa mwandishi, auandike upya.