Mbwa Mdogo na Mbwa Mzee Nyumbani

Juma hili twataka kunena nanyi juu ya kiumbe alalaye mlangoni, ambaye wengi hawamfikirii mpaka usiku anapobweka, au siku anapouma mtu. Ni mbwa. Katika nyumba nyingi za Likasi, na kando ya njia iendayo Shinkolobwe, mbwa ni kama mmoja wa jamaa. Watoto wamempa jina, mama humwekea ukoko wa bukari chunguni, na baba hulala kwa amani kwa kuwa ajua kuna masikio yanayokesha nje. Hata hivyo, ziko nyakati mbili za maisha ya mbwa ambazo watu wengi huzitunza vibaya, nazo ni mwanzo wake na mwisho wake. Akiwa mdogo huchezewa bila kulindwa. Akiwa mzee hufukuzwa. Makosa hayo mawili huzaa msiba mmoja, na mara nyingi msiba huo huwaangukia watoto.

Kwetu nyumbani wako mbwa wawili. Mkubwa ni jike mwenye miaka kumi na mitatu. Mdogo ni dume asiyetimiza bado miezi minne. Yule mkubwa ana asili ya kusimuliwa, maana bibi yake mzaa mama alitoka Shinkolobwe penyewe.

Ninyi wanafunzi yawapasa kupajua mahali hapo. Madini ya urani yaligunduliwa Shinkolobwe mwaka 1915. Kampuni ya Union Minière ilianza kuyachimba mwaka 1921 kwa ajili ya radiamu, na baadaye urani ya hapo ilitumika katika kazi ya kutengeneza bomu lililotupwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Miaka mingi baada ya mgodi kufungwa, wachimbaji wa mikono walikwenda huko kutafuta kobalti, na kijiji kikawa kikubwa. Mwezi wa Januari 2004 serikali ilikataza kazi hiyo. Mwezi wa Julai shimo liliporomoka likaua watu. Na mwezi wa Agosti mwaka uleule nyumba za kijiji zilibomolewa. Watu zaidi ya elfu kumi iliwabidi kuhama.

Siku zile kila mtu alibeba alichoweza: sufuria, godoro, kuku wawili watatu. Bibi yetu, nkambo kama tusemavyo huku Katanga, alibeba kichwani beseni, na ndani ya beseni mlikuwa na mtoto wa mbwa amefunikwa kitenge. Watu walimcheka njiani. Akawajibu, “Mbwa hajui kusoma tangazo. Nikimwacha, atakaa palepale akiningoja.” Neno hilo limebaki katika ukoo wetu hata leo. Kwa kweli mbwa aachwaye nyuma hangoji tu. Njaa humtoa, huingia barabarani, huzaa jalalani, na watoto wake hukua bila mtu wa kuwapeleka kuchanjwa. Hivyo ndivyo mbwa wasio na mwenyewe wanavyoongezeka, na ugonjwa hupata njia ya kupita kutoka mtaa hata mtaa.

Wako wanaosema ya kwamba mbwa wetu hawa si kitu, ni mbwa wa kijiji tu. Na wafikiri jambo hili. Katika misitu ya Kongo wako mbwa wadogo wa kuwinda, wenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, ambao hawabweki kama mbwa wengine. Wawindaji huwafunga kengele ya mti shingoni ili wasipotee vichakani. Wageni waliwaona wakawatamani, wakawapeleka Uingereza, na mwaka 1937 walionyeshwa London mbele ya watu wengi. Leo mbwa wa ukoo huo hufugwa Ulaya na Marekani, nao hununuliwa kwa fedha nyingi. Basi mtu asidharau alichopewa kwa sababu tu kilizaliwa uani kwake.

Sasa tunene juu ya mbwa mdogo. Mtoto wa mbwa huzaliwa kipofu. Macho yake hufunguka baada ya majuma mawili hivi. Haifai kumtenga na mama yake kabla ya majuma manane, kwa maana katika siku hizo hunyonya maziwa na pia hujifunza. Anapomng’ata ndugu yake kwa nguvu, ndugu hulia na mchezo hukoma. Ndivyo ajuavyo kiasi cha meno yake. Aliyeondolewa mapema huja kulijifunza somo hilo katika mikono ya watoto wetu. Samaki mkunje angali mbichi: tangu siku za kwanza mtoto na mbwa wote wawili wafundishwe. Mbwa asizoeshwe kuuma mkono hata kwa mchezo, na mtoto asimvute mkia wala kumsumbua anapokula au anapolala. Tena watoto wa mbwa huwa na minyoo ambayo yaweza kumwingia mtu. Wapewe dawa ya minyoo, na watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Lakini liko jambo kubwa kuliko hayo, nalo ni kichaa cha mbwa. Watu wengi hudhani ya kwamba ugonjwa huu ni wa mbwa mkubwa, mkali, mwenye kutoa mapovu. Sivyo. Mbwa mdogo mwenye meno ya maziwa aweza kuwa nao vilevile.

Tulimjua mwanafunzi mmoja wa miaka minane, mtoto mtulivu, mwenye mwandiko mzuri. Aliokota mbwa mdogo njiani, akamleta nyumbani kwa furaha. Siku ya pili mbwa yule alimwuma kidole. Kidonda kilikuwa kidogo, damu tone moja tu. Wakapaka majivu, wakasema, “Huyu bado mtoto, hana neno.” Baada ya siku tano mbwa akafa, wakamtupa jalalani. Hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo mawili. Lilipofika juma la saba mkono wa mtoto ukaanza kumwasha na kumchoma. Kisha akakataa maji; akiletewa kikombe, koo lake lilijikaza naye akatetemeka. Walipomfikisha hospitali, wakati ulikuwa umekwisha kupita. Tulimzika siku ya Jumamosi, na darasa lake lote lilisimama kaburini.

Wazazi, yashikeni maneno haya. Dalili za kichaa cha mbwa zikiisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna apatikanaye kupona. Lakini kabla ya dalili kuonekana, ugonjwa huu wazuilika. Mwaka 1885, mjini Paris, mtaalamu Louis Pasteur alimchanja mvulana aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, jina lake Joseph Meister, na mvulana huyo akaishi. Tangu siku hiyo dawa ipo. Hata hivyo Shirika la Afya Ulimwenguni hukadiria ya kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka. Katika kila wagonjwa 100, wapatao 99 huambukizwa na mbwa; na katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto ambao hawajatimiza miaka 15.

Basi mtu akiumwa, au akikwaruzwa hata damu ikatoka kidogo, fanyeni hivi. Kwanza, osheni kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15 kamili. Msipake majivu, wala mafuta, wala majani. Pili, siku ileile mpelekeni mgonjwa kituo cha afya ili apewe chanjo, nayo hutolewa mara kadhaa kwa siku zilizopangwa. Asiache hata moja. Mganga ataona kama yafaa kuongeza dawa nyingine pale penye jeraha. Tatu, mbwa aliyeuma akijulikana, asiuawe kwa hasira. Afungwe mahali salama na kuangaliwa siku 10. Lakini msingoje siku hizo ziishe ndipo mwende hospitali. Tena ulizeni mapema, kabla ya shida, ni kituo gani chenye chanjo, kwa sababu si kila kituo huwa nayo.

Mbwa naye achanjwe. Kwa desturi sindano ya kwanza hutolewa akifika miezi mitatu, kisha hurudiwa kwa muda ambao mganga wa mifugo ataagiza. Lakini wakati wa chanjo ya watu wote hata wale wadogo zaidi wapelekwe. Mbwa 70 katika kila 100 wa mahali wakiisha kuchanjwa, ugonjwa hukosa njia na kuzimika. Kwa hiyo anayemchanja mbwa wake amemlinda mtoto wa jirani pia.

Tumgeukie sasa mbwa mzee. Yule jike wetu amekuwa na mvi puani na ukungu machoni. Hasikii tena lango likifunguliwa, na meno yake matatu yamekwisha kuanguka. Jirani mmoja alitushauri, akasema, “Huyu hana kazi tena. Mmekwisha kupata mdogo. Wa nini kuwalisha wawili?” Twamjibu kwa methali ya wazee: usiache mbachao kwa msala upitao. Miaka kumi na mitatu mbwa huyu amelinda nyumba yetu. Usiku wezi walipopita uani kwa jirani, kwetu hawakuingia. Je, malipo yake yawe kufukuzwa kwa fimbo?

Kumtunza mbwa mzee si gharama kubwa. Chakula chake kiwe laini: bukari iliyolowekwa mchuzi usio na chumvi nyingi wala vitunguu, pamoja na ndakala zilizopondwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, maana hupasuka kama sindano ikamchoma tumboni. Likasi iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi huuma. Atandikiwe gunia kavu mahali pasipo na upepo. Watoto waonywe wasimshtue kwa nyuma, kwa kuwa mbwa asiyesikia vizuri aweza kuuma kwa hofu tu. Na chanjo yake isikatizwe kwa sababu ya uzee.

Liko neno lingine, wazazi. Watoto hutazama kuliko wanavyosikiliza. Wakiona aliyefanya kazi nyumbani tangu ujana wake akitupwa siku nguvu zinapomwishia, wamepata somo, na somo hilo halitaishia kwa mbwa. Sisi sote tunakwenda uzeeni, na hao ndio watakaotuwekea sahani. Katika kitabu cha Tobiti imeandikwa kwamba kijana Tobia alipokwenda safari mbwa alifuatana naye, na alipokuwa akirudi nyumbani mbwa alikuwapo. Mwenye kwenda nasi na arudi nasi pia.

Wanafunzi, hii ndiyo kazi yenu ya juma. Hesabuni mbwa wa nyumbani kwenu, wadogo kwa wazee. Andikeni kwenye karatasi jina la kila mmoja na tarehe aliyochanjwa, kisha mbandike karatasi hiyo nyuma ya mlango. Asiyekuwa na tarehe, mwambieni baba au mama jioni ileile, kwa adabu, wala msinyamaze mpaka tarehe yake iandikwe.

Kwa herini, mpaka juma lijalo.